Viti 128: kisa cha kampuni ya safari Kigoma iliyouza kifurushi wakati nauli zikishuka

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Kigoma mjini, msimu mmoja wa kiangazi, miaka michache iliyopita. Mwenye kampuni ameridhia kiandikwe ili wengine wajifunze, kwa sharti kwamba yeye, wateja wake na mashirika mawili ya ndege yanayohusika wasijulikane. Nitamwita Mama M. Mashirika nitayaita A na B. Viwango vya fedha nimevibadilisha vyote kwa uwiano mmoja, kwa hiyo hesabu inasimama ingawa shilingi zenyewe si zile. Mimi nilikuwa namsaidia mahesabu kwa siku mbili kila wiki, na baadhi ya maamuzi yaliyomuumiza nilimshauri mimi. Hilo nalitaja mapema ili msomaji ajue anayeandika hakuwa mtazamaji.

Usuli

Mama M. ana ofisi ndogo Mwanga, hapohapo Kigoma mjini, yenye meza mbili na mfanyakazi mmoja, kijana wa tiketi. Biashara yake ni kuwaleta Watanzania kutoka Dar es Salaam kwa siku nne, Ijumaa hadi Jumatatu. Ijumaa mchana wanafika, jioni wanakwenda Ujiji kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Jumamosi alfajiri wanapanda boti Kibirizi kwenda Gombe, hifadhi ambayo Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe wake mwaka 1960. Wanalala huko, Jumapili wanarudi mjini, na usiku ule ni migebuka ya kuchoma na ugali. Jumatatu wanaruka.

Aliuza yote kwa bei moja, Sh1,180,000 kwa mtu. Ni kifurushi kama bando la simu: unalipa mara moja na huulizi ndani kuna nini. Ndani kulikuwa na hivi: kiti cha ndege kwenda na kurudi Sh540,000, malazi na chakula Sh270,000, boti Sh110,000, kiingilio na mwongozaji Sh60,000, usafiri wa mjini na Ujiji Sh40,000. Jumla ya gharama Sh1,020,000. Kinachobaki ni Sh160,000 kwa kichwa.

Msimu uliotangulia kisa hiki, viti vya ndege vilimwishia mwezi Julai. Kundi la watu 20 lililokuwa limeshalipa nusu likarudishiwa fedha zake, na maneno aliyoambiwa siku ile bado anayakumbuka. Treni ya Reli ya Kati inafika Kigoma tangu 1914, lakini kwa safari ya siku nne huwezi kumweka mtu kwenye behewa siku mbili kwenda na mbili kurudi. Bila kiti cha ndege, kifurushi hakipo.

Mkataba wa viti

Mwezi Machi, Shirika A likampa mkataba: viti 16 kila baada ya wiki mbili, safari nane, kuanzia Ijumaa ya kwanza ya Juni hadi Septemba. Viti 128 kwa jumla. Masharti yalikuwa haya: bei Sh540,000 kwa kiti, haipandi wala haishuki. Amana ya asilimia 30 inalipwa leo na hairudi. Safari ikirudishwa siku 30 au zaidi kabla, unapoteza amana tu. Ukichelewa hapo, unalipa viti vyote, viwe na watu au vitupu. Na mwisho, sharti lililoandikwa kwa mstari mmoja tu: viti viuzwe ndani ya kifurushi, visiuzwe vyenyewe.

Amana ilikuwa Sh20,736,000. Mama M. alichukua sehemu kwenye SACCOS na sehemu kwenye akiba ya kujenga. Aliniuliza, "Tusaini?" Nikamwambia asaini. Nilikuwa naangalia wale watu 20 wa mwaka uliopita. Sikuangalia kwamba kuanzia siku ile, kiti kitupu kilikuwa mali yake.

Mlolongo wa matukio

Aprili mambo yalikwenda vizuri. Safari ya kwanza ilijaa, ya pili ikabakiza kiti kimoja.

Tarehe 20 Mei Shirika B likatangaza kwamba litaanza kuruka Dar es Salaam–Kigoma kuanzia tarehe 22 Juni, na ofa ya uzinduzi: Sh298,000 kwenda na kurudi. Kesho yake asubuhi simu ya ofisi ikapokea ujumbe kutoka kwa mwalimu mmoja wa Temeke aliyekuwa ameweka nafasi ya watu wanne:

"Shikamoo mama. Samahani, naona tiketi laki mbili na tisini na nane. Sisi kwenye milioni moja na laki moja na themanini tiketi ni shilingi ngapi?"

Hakuna swali gumu kuliko hilo kwa muuza kifurushi. Ukitaja Sh540,000, umejionyesha ghali. Ukikataa kutaja, umeonekana unaficha. Mama M. alijibu kwamba bei ya kifurushi haichambuliwi. Mwalimu akasema "sawa mama," akakaa siku tatu, akaomba arudishiwe.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutulia. Tulijiambia ofa za uzinduzi ni za wiki chache. Safari ya tatu, mwanzo wa Julai, ikaondoka na watu 9 kwenye viti 16. Viti saba vitupu, Sh3,780,000, na tulizilipa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupunguza bei. Kwa safari ya nne tulikata Sh150,000. Wakajiandikisha 12. Ofisini kulikuwa na furaha kidogo siku ile, kwa sababu watu walikuwa wameongezeka, mpaka nilipofungua daftari: kila mmoja wao alikuwa ametuachia Sh10,000. Wote 12 kwa pamoja Sh120,000, na viti vinne vitupu Sh2,160,000.

Usiku wa tarehe 8 Julai, kati ya safari ya tatu na ya nne, tulikaa na daftari lile hadi saa tano. Ndipo Mama M. mwenyewe akauliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mimi Machi: "Hivi kwenye tiketi sisi tunapata nini?" Jibu lilikuwa sifuri. Kiti tulikinunua 540,000 na tulikiuza 540,000. Laki moja na sitini yetu yote ilitoka kwenye boti, malazi, Ujiji na mwongozaji. Faida ilikuwa nchi kavu na majini, hatari yote ilikuwa angani.

Kutoka hapo ukaja uamuzi wa tatu: kuuza huduma ya Kigoma peke yake, Sh640,000, mteja ajikatie tiketi popote apendapo. Na wa nne: kurudisha viti vya safari ya sita, ya saba na ya nane kabla siku 30 hazijaingia, na kukubali kupoteza amana zake, Sh7,776,000. Safari ya nne na ya tano hazikuweza kurudishwa tena. Tarehe ilikuwa imetupita.

Jumamosi pale Kibirizi

Safari ya tano ndiyo ya kwanza kuchanganya watu. Sita walikuja kwa kifurushi, kwa Shirika A. Tisa walinunua huduma ya Kigoma na kujikatia tiketi za ofa kwa Shirika B.

Alhamisi saa tano usiku, wale tisa wakapata ujumbe mfupi: ndege ya kesho imeahirishwa, mtaruka Jumamosi. Wakampigia Mama M., si shirika. Namba ya shirika ilikuwa inaita tu, na yeye alipokea.

Jumamosi alfajiri boti iliondoka na wale sita. Wale tisa walitua saa tisa na dakika arobaini alasiri na kuja moja kwa moja Kibirizi na mabegi yao, wakiwa wameshaamua kwamba wanakwenda Gombe jioni hiyo. Nilikuwepo. Nahodha alikuwa amekaa juu ya ngazi ya boti iliyopinduliwa, anashona kamba. Hakubishana nao. Aliwaonyesha ziwa. Upepo wa kusini wa kiangazi ulikuwa umeshaamka, mawimbi yanapiga mchanga na kurudi na maganda ya miwa, na boti za abiria zilizokuwa zinatoka vijiji vya kaskazini zilikuwa zinaingia zikiwa zimelowa hadi kwenye turubai. "Mama," akamwambia Mama M., "mimi saa hizi siendi hata ukinipa milioni." Kisha akarudi kwenye kamba yake.

Mmoja wa wale tisa, baba mtu mzima aliyetulia, akauliza taratibu: "Sasa hii hasara ni ya nani?"

Tulitazama fomu tuliyowapa. Haikusema lolote kuhusu mteja anayechelewa kwa sababu ya ndege aliyojikatia mwenyewe. Tuliiandika kwa haraka, siku mbili, kwa kukata maneno ya ndege kutoka fomu ya kifurushi. Kisheria nadhani tungeweza kusema hasara ni yao. Shirika B liliwapeleka, ila siku moja baadaye, na halikujua kabisa kwamba kuna boti.

Mama M. aliamua papo hapo: boti ya pili Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kwa gharama ya kampuni, Sh990,000, washinde Gombe na kurudi kabla upepo haujaanza. Nilimvuta pembeni nikamwambia hatuna hiyo fedha. Akanijibu, "Hawa wakirudi Dar bila kuona sokwe, nani atawaambia ilikuwa ndege?" Jumapili waliwapata sokwe saa nne asubuhi, jike na mtoto mgongoni, wakakaa nao ile saa moja inayoruhusiwa.

Jumatatu uwanjani kukawa na jingine dogo. Mtu hatoki Kigoma mikono mitupu: anabeba dagaa, anabeba mawese. Tiketi ya ofa ilikuwa ya begi la mkononi la kilo 7 tu. Wanne kati ya tisa walilipia mzigo kaunta, na mama mmoja aliacha boksi la dagaa kwa kijana wetu alisafirishe kwa basi. Wale sita wa kifurushi walikuwa na kilo 23 kila mmoja, na hakuna aliyewaambia kabla kwamba hiyo nayo ni fedha.

Hesabu ya msimu

Tulihudumia watu 109. Huduma ya Kigoma, iwe ndani ya kifurushi au peke yake, ilituingizia Sh15,640,000 baada ya gharama zake. Viti vitupu vya safari ya pili hadi ya tano vilikula Sh11,880,000, amana za safari tatu zilizorudishwa Sh7,776,000, na boti ya pili Sh990,000. Msimu ulifungwa na hasara ya Sh5,006,000 kabla ya pango na mshahara.

Safari tatu za mwisho, zisizo na kiti hata kimoja chetu, zilileta watu 14, 11 na 17. Kati ya wale 17, wanane walitoka kwenye SACCOS ya yule baba aliyeuliza hasara ni ya nani.

Novemba Shirika B lilipunguza safari zake kutoka kila siku hadi tatu kwa wiki, na ile nauli ya ofa haikuonekana tena.

Uchambuzi: kiti kitupu ni cha nani

Niliposoma baadaye historia ya ndege za likizo Ulaya, niliona kisa chetu kwa ukubwa mwingine. Mwaka 1950 Vladimir Raitz alikodi ndege na kuwapeleka Waingereza kisiwa cha Corsica kwa bei moja ya kila kitu. Wakati huo nauli za ndege za ratiba zilipangwa juu na serikali na mashirika makubwa, na kifurushi kilikuwa njia ya mtu wa kawaida kufika baharini. Ndege za kukodi zilikuwa nafuu kwa sababu zilijaa: zinashusha kundi jipya na kuchukua lililomaliza wiki yake, bila kurudi tupu isipokuwa mwanzo na mwisho wa msimu. Aliyeuza kifurushi ndiye aliyekuwa na bei ya chini.

Soko la anga la Ulaya lilipofunguliwa hatua kwa hatua hadi uhuru kamili mwaka 1997, mambo yakageuka. Kampuni za ndege za nauli nafuu, Ryanair na easyJet (iliyoanza kuruka 1995), hazikuuza kiti kwa bei moja. Kiti kilekile kina bei nyingi, inabadilika kila siku kulingana na vilivyobaki. Mwuza kifurushi aliyetangaza bei miezi sita kabla hana silaha hiyo. Monarch, kampuni ya ndege na likizo ya Uingereza, ilianguka Oktoba 2017 ikiwa na abiria wapatao 110,000 nje ya Uingereza. Thomas Cook, kampuni ya vifurushi ya tangu 1841, ilianguka tarehe 23 Septemba 2019 na kuacha Waingereza zaidi ya 150,000 wakingoja kurudishwa. Ilikuwa na madeni makubwa na matatizo mengi, lakini hili la mteja kujipangia ndege na hoteli mwenyewe lilikuwa moja kubwa.

Watu wengi huishia hapo na kusema tiketi ya bei nafuu imeua kifurushi. Si kweli. easyJet ilianzisha upya biashara yake ya vifurushi Novemba 2019, miezi miwili baada ya Thomas Cook kufa. Jet2 inauza viti na vifurushi kwenye ndege moja, na imekuwa kati ya waandaaji wakubwa kabisa wa likizo Uingereza. TUI, kampuni nyingine kubwa ya vifurushi, inaendelea, na hoteli zake yenyewe. Wote hao wanamiliki kiti na wanaruhusiwa kukibadilisha bei: kisipoenda kwenye kifurushi Jumatatu, Alhamisi kinauzwa chenyewe kwa anayekihitaji.

Rudi sasa kwenye ule mstari mmoja wa mkataba wetu. Alhamisi kabla ya safari ya tatu, mfanyabiashara wa vitenge wa Mwanga alikuja ofisini kutafuta tiketi. Angelipa Sh300,000 mkononi. Tulikuwa na viti saba na hatukuruhusiwa kumuuzia hata kimoja. Tulikuwa tumechukua hatari ya shirika la ndege bila kupewa chombo ambacho shirika la ndege hutumia kuikabili. Hilo ndilo kosa kubwa la kisa hiki, na lilifanyika Machi, kabla Shirika B halijatajwa na mtu yeyote.

Kosa la pili ni kuchelewa. Tangazo la B lilitoka tarehe 20 Mei. Kama mwisho wa Mei tungerudisha viti vya safari ya tatu, ya nne na ya tano pia, tungepoteza amana zake, Sh7,776,000, badala ya Sh11,340,000 za viti vitupu na Sh1,800,000 za punguzo la safari ya nne. Tofauti ni Sh5,364,000, yaani msimu ungefungwa na faida ya Sh358,000. Ndogo, lakini faida. Tulichelewa kwa sababu amana ilituuma. Kila tulipoitazama tuliona fedha iliyokwishatoka, tukataka kuifuata.

Kupunguza bei nakuona kuwa kosa baya zaidi kimantiki, hata kama fedha yake ilikuwa ndogo. Shirika B lilikuwa linashindana na kiti. Sisi tukajibu kwa kukata boti na malazi, sehemu ambazo hakuna aliyekuwa anashindana nazo. Watanzania walishaijua nauli ya ofa tangu fastjet, kampuni ya ndege ya nauli nafuu, ilipoanza Novemba 2012 na nauli ya chini ya Sh32,000 kabla ya kodi, Dar es Salaam hadi Mwanza na Kilimanjaro. Huwezi kumshinda mtu huyo kwa nauli. Hata fastjet yenyewe iliacha kuruka Tanzania mwishoni mwa 2018.

Kuhusu boti ya pili, mimi na Mama M. bado hatukubaliani kikamilifu. Yeye anasema ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote msimu ule, na wale wanane wa SACCOS ni ushahidi wake. Mimi nasema uamuzi ulikuwa mzuri na utaratibu ulikuwa mbaya. Uingereza wana mpango wa ATOL tangu 1973: aliyenunua kifurushi analindwa mwandaaji akianguka, na aliyejikatia tiketi peke yake mara nyingi halindwi. Ulinzi huo una gharama na unachangiwa mapema. Wetu ulitoka mfukoni mwa mwanamke mmoja, ufukweni, wakati mteja amesimama mbele yake na begi.

Kilichobadilika

Sasa kampuni inauza vitu viwili, kila kimoja na bei yake wazi. Huduma ya Kigoma inauzwa peke yake, na ndani yake mna mchango wa Sh25,000 wa kuchelewa: ndege ikisogea hadi saa 24, kuna boti nyingine bila malipo ya ziada, na baada ya hapo mteja na kampuni wanagawana nusu kwa nusu. Fomu inasema pia kwamba baada ya saa tisa alasiri boti haitoki, na nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa anayetaka kifurushi kizima, kijana wa tiketi anamkatia kwa nauli ya siku hiyo, anamwonyesha kwenye simu, na kuongeza Sh15,000 za kazi yake. Kilo za mzigo zinaandikwa kwa wino mwekundu juu ya karatasi, na chini yake: dagaa na mawese vimo kwenye hesabu.

Viti vya mkataba havijaachwa kabisa. Mwaka uliofuata Mama M. alichukua sita tu, kwa Ijumaa mbili za Julai. Mazungumzo na Shirika A yalichukua wiki tatu, karibu zote juu ya ule mstari mmoja. Mwishowe waliufuta kwa siku saba za mwisho kabla ya safari, na Ijumaa ya pili kiti cha sita kilinunuliwa na yule mfanyabiashara wa vitenge.